Mtoto Anayeimba Kitabu na Mtoto Anayekisoma

(Mazungumzo ya mwalimu mstaafu, mwanachama wa kikundi, siku ya kuadhimisha miaka kumi)

Kamati imenipa dakika kumi na tano niseme habari za watoto wetu na shule. Nimewaambia mwalimu hapewi dakika, anapewa kipindi. (Vicheko.) Lakini nitajitahidi.

Walionitangulia wameeleza habari za sanduku: hisa, mikopo, mabati yaliyoezekwa, cherehani zilizonunuliwa. Mimi nitaeleza jambo ambalo halimo katika daftari la mweka hazina kwa sababu halikuwa la fedha. Ni ile Jumatano asubuhi pale shuleni. Na ili niieleze Jumatano, inanibidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa UPE. Vijana hamlijui neno hilo. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe darasani. Watoto walipatikana, walimu hawakutosha. Basi tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukafundishwa ualimu hukohuko vijijini: masomo ya posta, vipindi vya redio, na kufundisha huku tunajifunza. Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipokabidhiwa darasa na kipande cha chaki. Namna ya kufundisha kusoma niliyoijua ni ile niliyofundishwa mimi: mwalimu anasema, darasa linaitikia. Ba! Ba! Be! Be! Sauti inafika mpaka sokoni, na mwalimu mkuu ofisini kwake anaridhika kwamba kazi inafanyika.

Nilifundisha hivyo zaidi ya miaka thelathini. Nilipanda kutoka Daraja C hadi Daraja A, na watoto wengi walijua kusoma kweli, wapo humu ndani. Ila sasa ninaamini wale walijua kwa akili zao na kwa msaada wa nyumbani, mimi nilikuwa napiga kelele tu pembeni.

Mwaka 2015, mwaka uleule kikundi hiki kilipoanza chini ya mwembe kikiwa na akina mama kumi na wanane, ulikuja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili. Masomo yalipunguzwa ili mtoto akazanie kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Tuliitwa semina. Kabla ya hapo watu wa Uwezo walikuwa wamekwisha kupita nyumba kwa nyumba, mwaka 2010, wakiwapa watoto karatasi wasome, na wakakuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Nilipoisikia habari ile nilisema hao ni wa mikoa mingine. Kila mwalimu niliyekutana naye alisema ni wa mikoa mingine. Hiyo mikoa mingine sijui iko wapi.

Kule semina mwezeshaji alituagiza jambo dogo. Funika picha. Mwonyeshe mtoto neno moja katikati ya ukurasa, asianzie juu. Niliporudi nikaanza na darasa langu la tatu, ambalo nilikuwa nalo tangu la kwanza. Nikamwita binti mmoja niliyemwamini kwa kusoma. Akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikaweka kiganja changu juu ya maandishi. Akaendelea kusoma.

Akaendelea, jamani, ananitazama usoni, mpaka nukta ya mwisho. Nikamwonyesha neno “maji” peke yake. Kimya. Halafu akaanza kuuimba ukurasa tangu juu, kwa sauti ya chini, akilitafuta lile neno kwa wimbo. Alipofika kwenye “kisima” kidole chake kilikuwa kwenye “maji”.

Nikawaita na wengine, mmoja mmoja. Darasa lilikuwa na watoto sitini na wawili. Wangapi walisoma na wangapi waliimba sitasema, wazazi wao wapo hapa.

Mama wa yule binti ni mwanachama wetu, na ameniruhusu kuyasema haya mradi nisimtaje jina. Nilikwenda kwake jioni. Nilimkuta kibarazani anasuka ukili. Nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, mikono inaendelea. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, mbona kila usiku ananisomea na hakosei?” Nikamwambia amekariri. Akaingia ndani, akaleta daftari. Lilikuwa na mwandiko mzuri wa kunakili ubaoni, na kila ukurasa una vema yangu, kubwa, nyekundu. Akasema, “Mimi sijui kusoma, lakini vema naijua. Kumbe ulikuwa unanidanganya kwa wino mwekundu.”

Sikuwa na jibu. Nikakaa pale kwenye mkeka kwa kuwa hata kuondoka niliona aibu. Ndipo nikamwuliza, labda kwa kutafuta neno la kusema tu, yeye alimfundishaje binti yake kusuka. Akanishangaa. “Si nampa miyaa mkononi? Akikosea namfumulia, anaanza tena.” Nikacheka peke yangu, maana mwezeshaji wa semina alitumia siku kadhaa na karatasi nyingi za ukutani kutuambia maneno hayohayo.

Sasa ile Jumatano. Siku ya kufungua sanduku ilikuwa Jumatano alasiri, kama mnavyokumbuka, kwa hiyo akina mama walikuwa wanakuja huku hata hivyo. Tukakubaliana watakaoweza waje mapema, saa nne, baada ya watoto kunywa uji. Wiki ya kwanza walikuja wanne. Nilikuwa na vizibo vya soda debe zima, nimeviokota kwenye vibanda. Mwenzetu mmoja mwenye saluni alitoa rangi za kucha zilizokaribia kukauka, tukaandika herufi: irabu kwa nyekundu, konsonanti kwa rangi yoyote iliyopatikana. Kiswahili kina upendeleo wake hapa. Irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti yake ileile popote uendapo. Mtoto ukimpa m moja moja na irabu zake, hajamaliza asubuhi amekwisha kupata mama, mimi, mume, na moma yule nyoka. Neno moma ndilo walilolipenda kuliko yote, hata wakaanza kutishana nalo.

Tatizo likawa moja. Akina mama watatu kati ya wale wanne hawakujua kusoma. Watajuaje kama mtoto amepanga sawa? Nilitaka kuwapa kazi ya kugawa vizibo tu. Dawa aliipata yule mama wa ukili. Alificha kitu ndani ya kanga yake, tuseme kijiko. Mtoto wa kwanza anachungulia, anaona, anapanga vizibo: kijiko. Mtoto wa pili, ambaye hakuona kitu, anaitwa kusoma vizibo. Akisema “kijiko”, mama anakitoa kijiko na wote wanashangilia. Akisema “kijiti”, hapo kuna kazi: ama aliyepanga amekosea, ama aliyesoma, na wenyewe wawili wanabishana mpaka wapate. Mama hahitaji kujua hata herufi moja. Anahitaji kanga, kitu cha kuficha, na uso usiocheka mapema. Mimi na vyeti vyangu sikuwa nimefikiria hilo. Kwa mchezo ule hakuna mtoto anayeweza kuimba, maana wimbo wa kijiko haupo. Ilipofika nyundo walibishana karibu nusu saa, kwa sababu ya nyu na ndo. Niliwaacha.

Hesabu nazo tuliziingiza. Mkeka ni hesabu tupu. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima. Watoto walipima ukili, wakaandika, kisha wakagundua kwamba mkono wa bibi na mkono wa mtoto wa darasa la pili haulingani, ugomvi ukazuka tena. Nikaleta rula ya mita moja. Miaka yote nilikuwa nawaambia watoto kwamba sentimita mia ni mita moja, wanaitikia “mita moja”. Siku ile wenyewe ndio walioiomba rula. Vilevile kibaba na pishi: vibaba vinne kwa pishi, wakajaza mchanga, wakamwaga, wakajaza. Kuna mtoto alihesabu tatu, akarudia, akahesabu tatu tena. Kumbe kibaba chake kilikuwa kinajazwa kwa kilele kama cha mama yake sokoni anapouza, si anaponunua. (Vicheko.) Msinitazame hivyo.

Kisha tukaja kwenye kusoma kwa kufanya. Tuliandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji maelekezo ya maandazi: unga kiasi gani, sukari, hamira, maji ya uvuguvugu. Sharti ni kwamba hakuna anayeambiwa kwa mdomo. Kundi linasoma, kundi linafanya, mama anasimama kwenye moto tu kwa usalama. Kundi moja lilisoma “chumvi kijiko kidogo” kama “kijiko kikubwa”. Tuliyala maandazi yale. Yaani walioyakosea waliyala, wengine tuliyaonja. Wiki iliyofuata mtoto mmoja wa kundi lile aliyasoma maelekezo mara mbili kabla hajagusa unga, na kidole kinafuata kila neno. Katika kazi yangu yote sijapata kumwona mtoto akirudia sentensi kwa hiari yake kabla ya siku hiyo.

Na hadithi. Bibi mmoja, mama mkwe wa katibu wetu wa kwanza, aliletwa atoe hadithi. Akisema, mimi naandika ubaoni vilevile anavyosema, bila kumsahihisha. Paukwa, pakawa, mpaka mwisho. Watoto wakaisoma hadithi palepale, na kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuisikia, akili yao ilikuwa mbele ya macho, ikiyavuta. Bibi akauliza, “Hayo yote ni maneno yangu?” Akaomba aonyeshwe neno “sungura” liko wapi. Lilikuwa mahali tisa. Akayaona yote. Hadithi zile tuliziandika kwenye karatasi za saruji, watoto wakachora picha, tukapata vitabu vyetu wenyewe kumi na moja.

Nisiwafiche, mengi yaliharibika. Vizibo vya kwanza vilimkata mtoto kidole, tukajifunza kuviponda kingo kwa jiwe kwanza. Vitabu vya kwanza tuliviunga kwa uji mzito wa muhogo, na panya wakavila hadithi na jalada. Tangu hapo vinashonwa kwa sindano ya mkeka, kwa ukindu. Mwaka mmoja mvua ilinyesha mfululizo na Jumatano hazikuwapo karibu miezi miwili. Wapo pia waliolalamika, na si kwa ubaya. Baba mmoja alikuja shuleni kuuliza kwa nini mwanawe anafundishwa kupika na kusuka badala ya kusoma. Mwalimu mwenzangu alisema hadharani, “Wanacheza, na mtihani hauna vizibo.” Hoja ile ilinikera lakini ilikuwa na uzito. Mtihani kweli hauna vizibo. Ndiyo maana dakika ishirini za mwisho kila kitu kiliwekwa kando, mtoto akachukua kalamu na kuandika sentensi zake mwenyewe kuhusu alichofanya. Siku za mwanzo ilikuwa sentensi moja, imepinda.

Wazee watanikumbusha Elimu ya Kujitegemea. Kweli, Mwalimu Nyerere aliyaandika mwaka 1967 kwamba shule isimtenge mtoto na kazi za jamii yake. Mimi nilisoma chini ya siasa hiyo na nikafundisha chini yake, na nitasema nilichokiona: katika shule nilizopita, kujitegemea kulibaki jembe. Asubuhi mikono inalima na kichwa kimelala, saa nne kichwa kinaamshwa na mikono inafungwa. Sidhani ndivyo alivyokusudia.

Januari 2016 ulianza mpango wa elimu bila malipo hadi kidato cha nne, na watoto wakaja kama mafuriko. Nami mwaka huo nilirudishwa darasa la kwanza. Nilikuwa na watoto mia na kumi na nne katika chumba kimoja. Kwa watoto mia na kumi na nne mwalimu yeyote duniani ataitikisha ba be bi bo bu, atafanyaje? Ni hapo nilipoona thamani ya mama kumi waliokaa kila mmoja na duara lake, kanga imefunika kitu. Kwenye kwaya ya watu mia hujui nani ananyamaza. Kwenye duara la watoto kumi na mmoja, anayenyamaza unamwona.

Mtaniuliza habari za yule binti. Alijua kusoma. Alipofika katikati ya darasa la nne alikuwa anasoma peke yake, polepole, bila wimbo. Lakini nilikuwa nimempotezea miaka miwili na nusu, na masomo mengine hayakumngoja. Alimaliza darasa la saba mwaka 2019 na hakuchaguliwa. Mdogo wake, aliyeanzia kwenye vizibo, yuko sekondari. Mama yao mnamfahamu wote, hakosi Jumatano hata moja. Kutoka kwenye kanga ile na yeye akaokota herufi zake kidogo kidogo. Gazeti bado linamshinda, anasema maandishi yake ni madogo na maneno marefu. Lakini siku ya mkopo haweki tena dole gumba, na kitabu chake cha hisa anakisoma mwenyewe. Mwaka juzi alisimama kikaoni akasema muhuri mmoja umekosekana. Tukahesabu. Ulikuwa umekosekana kweli. Kosa lilirekebishwa palepale na hakuna aliyekasirika, isipokuwa mimi kidogo, maana ndiye niliyekuwa nimegonga mihuri siku ile. (Vicheko na makofi.)

Sasa ombi langu, Ndugu Mwenyekiti, kisha nikae. Najua mfuko wa jamii wa mwaka huu unazungumziwa. Wapo wanaotaka viti vya plastiki vya kukodisha. Sipingi, viti vinaleta fedha. Ninachoomba ni sanduku moja la bati lenye mfuniko, panya wasiingie, na fedha za vitabu vya hadithi visivyozidi arobaini. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vipo siku hizi kuliko zamani zetu. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukiisaidia kazi hiyo tangu mwaka 1991. Shida niliyoiona mimi katika shule zaidi ya moja ni kwamba vitabu vikifika vinafungiwa kabatini, visije vikachanika, na kila mwaka vinahesabiwa, vimetimia, vipya kabisa. Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu na linafunguliwa kila wiki. Hilo la vitabu naomba liwe na kufuli moja, na ufunguo akae nao mmoja wenu, si mwalimu.

Hilo ni dogo. Kubwa ni watu. Tulikuwa kumi, leo tumebaki watano wa Jumatano. Wawili wametangulia mbele ya haki, Mungu awalaze pema. Mmoja amehamia kwa mwanawe mjini, na wengine wawili magoti hayawaruhusu kukaa chini, nami nawafuata nyuma. Mtaala umeanza kubadilika tena mwaka 2024, walimu ni wapya, vijana wazuri wenye bidii, na mwalimu wa darasa la kwanza yupo hapa, amesimama kule mlangoni kwa aibu. Amekuja kwangu mara mbili kuuliza kama akina mama watarudi kwa wingi kama zamani. Nimemwambia aje aulize mwenyewe leo.

Tunaanza Jumatano ijayo saa nne, darasa la kwanza, chumba cha pili kutoka kwenye tangi la maji. Kujua kusoma si sharti. Mje na kanga moja ya ziada na kitu chochote kidogo cha kuficha, kisiwe kisu. Mwenye sindano ya mkeka ailete, zetu mbili zimevunjika. Wenye vibanda, vizibo visivyo na kutu mnaweza kuniachia hapa mezani kabla hamjaenda kula pilau.